Bob Hakuuliwa na Mpira

Pita Mji wa Kale jioni, hukosi kumwona Bob Marley: kwenye tuktuk, kwenye tisheti, ukutani. Na barazani hukosi mtu wa kukwambia eti alikufa sababu aliumia kidole akicheza mpira. Hata mimi niliiamini hiyo stori miaka mingi.

Sivyo. Mwaka 1977 madaktari walikuta melanoma, saratani ya ngozi, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake. Wakashauri kidole kikatwe. Akakataa, ikatolewa sehemu tu. Saratani ikasambaa, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki Miami akiwa na miaka 36.

Stori ya mpira naona inatufaa kwa sababu tushajiambia saratani ya ngozi ni ya wazungu. Kweli, jua linawaumiza zaidi, na ndugu zetu wenye ualbino ndio hulipia zaidi huku kwetu. Kule Moshi, Tanzania, kituo cha ngozi cha KCMC, kilichoanza 1992, husomesha wataalamu wa ngozi na pia hutengeneza Kilisun, mafuta ya kuwakinga na jua.

Lakini melanoma ya sisi weusi haingoji jua. Ni nadra, ila hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Na kwa vile hakuna anayeangalia huko, hugunduliwa imechelewa.

Ndiyo maana ukaguzi wa ngozi ni mwili mzima, utosini hadi katikati ya vidole vya miguu. Doa likimtia daktari shaka, anachukua dermatoskopu, lenzi yenye taa inayokuza kama mara 10. Unyayo una matuta na mifereji, kama alama za vidole. Rangi ikikaa kwenye mifereji, mara nyingi ni doa la kawaida. Ikifuata matuta, hapo kipande kinakatwa kipelekwe maabara.

Sasa sisi Mombasa nyayo tunazipamba hina na piko, harusi hadi harusi. Ni lini unaziona zikiwa tupu? Hina ikifutika, geuza mguu. Doa jipya linalokua, mstari mweusi unaopanuka ukuchani, kidonda kisichopona: usikipe jina la mpira. Nenda kaonyeshe.

Na ukimaliza, mwambie mamako naye akupe mguu wake uuangalie.