Mto Voi na Mahali Patakatifu pa Wataita

Mto Voi huanzia Milima ya Taita, hupita mjini Voi, kisha huingia Mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako bwawa la Aruba lilijengwa mwaka 1952. Wakati wa kiangazi, huko nyikani hubaki mchanga tu. Uhai wake ni mvua ya milimani.

Mvua hiyo iliombewa. Wataita, wenyeji wa milima hiyo, waliabudu msituni na penye miamba. Fighi, misitu mitakatifu, ililinda jamii, na kwa kuwa miti yake haikukatwa ovyo, ililinda pia ardhi. Katika tambiko la kutasa, mzee alipuliza kutoka kinywani maji au pombe ya miwa, akitamka baraka na kuondoa hasira moyoni: ibada nyepesi kwa vifaa, nzito kwa maana. Mafuvu ya wazee waliofariki yalifukuliwa kaburini baadaye, yakapangwa kwa heshima katika pango la ukoo, ambako jamaa walikwenda kuwaomba wahenga wakati wa ukame au maradhi.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla, eneo la Taita, mwaka 1883, na ibada hizo zikafifia polepole. Baadhi ya mafuvu yangali mapangoni.