Miyagi Chojun
Miyagi Chojun (1888–1953) alikuwa mwalimu wa karate wa Okinawa, Japani, na mwanafunzi mwaminifu wa Higaonna Kanryo (1853–1915). Alianza kufundishwa naye mwaka 1902, akiwa kijana wa miaka 14. Higaonna, aliyejifunzia Fuzhou, China, alikuwa mkali: zoezi la sanchin, lenye hatua fupi, misuli iliyokazwa na pumzi nzito, lilirudiwa kwa miaka. Mzee alipodhoofika, Miyagi, aliyelelewa katika ukoo tajiri, alimuuguza na kumgharimia hadi kufa kwake. Heshima hiyo inazidi hata umahiri wake. Baadaye Miyagi aliuita mtindo wake Goju-ryu. Miaka ya 1970, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani aliufundisha Dar es Salaam.