Kusomea Ukutubi Ukiwa Kazini: Kaunta ya Kiswahili, Mtihani wa Kiingereza

Kila mwaka wa masomo unapoanza huwapeleka wanafunzi wetu wapya maktabani na kuwaonyesha rafu wanazopaswa kuzizoea. Vitabu vya lugha ya Kiswahili viko namba 496.392, vya fasihi ya Kiswahili viko 896.392. Wanafunzi huzinakili namba hizo madaftarini, basi. Ni wachache wanaouliza zilitoka wapi, na wachache zaidi wanaouliza nani alizibandika kwenye migongo ya vitabu. Katika makala haya tumeona tuwazungumzie hao waliozibandika, yaani wasaidizi wa maktaba wa Afrika Mashariki ambao kwa miaka mingi walijifunza ukutubi huku wakiwa kazini. Habari zao zinatuhusu sisi walimu wa lugha kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kazi waliifanya kwa Kiswahili na mtihani wakaufanya kwa Kiingereza.

Tuanze na neno lenyewe. Mkutubi linatokana na neno la Kiarabu kutub, yaani vitabu, na ni ndugu wa kitabu, maktaba na katibu. Msomaji wa kawaida hutumia neno hilo kwa nadra. Yeye husema "yule wa maktaba", awe ni mkuu wa maktaba au kijana anayerudisha vitabu rafuni. Lakini ndani ya maktaba tofauti ni kubwa. Mkutubi ni yule aliyefuzu mafunzo ya taaluma, na waliobaki ni wasaidizi. Kati ya ngazi hizo mbili kuna mtihani, na historia tunayoieleza ni ya ule mtihani.

Desturi ya kujifunza ukutubi kazini haikuanzia kwetu. Chama cha Maktaba cha Uingereza kiliundwa mwaka 1877, na mwaka 1885 kikaendesha mitihani yake ya kwanza. Chuo Kikuu cha London kilianza kufundisha ukutubi mwaka 1919 tu. Katika miaka yote hiyo ya katikati, na kwa wengi hata baada yake, mtu aliajiriwa akiwa kijana, akapiga mihuri na kupanga vitabu mchana, kisha jioni akafungua vitabu vyake mwenyewe. Wasaidizi hao waliunda chama chao mwaka 1895, nacho baadaye kikaendesha masomo kwa njia ya posta. Mshairi Philip Larkin, ambaye wenzetu wa fasihi ya Kiingereza wanamfahamu vizuri, alipitia njia hiyo. Desemba 1943 alianza kazi katika maktaba ndogo ya mji wa Wellington, Shropshire, akiwa karibu peke yake, hata tanuri la kupasha joto jengo akilichochea mwenyewe, huku akisomea mitihani ya chama kwa posta. Mwaka 1955 akawa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Hull.

Marekani walikata njia nyingine. Melvil Dewey alifungua chuo cha ukutubi mjini New York mwaka 1887, kwa imani kwamba kazi hii inafaa kufundishwa darasani. Hata hivyo Dewey mwenyewe hakufundishwa na chuo chochote cha ukutubi. Mfumo wake wa namba aliubuni akiwa mwanafunzi wa Amherst aliyepata kibarua katika maktaba ya chuo, na mwaka 1876 akauchapisha katika kijitabu cha kurasa 44 kisichotaja jina lake. Kwa hiyo hata zile namba za rafu zetu ni matunda ya mwanafunzi mwenye kazi ya maktaba.

Mtindo uliofika Afrika Mashariki ni ule wa Uingereza. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, ambayo pamoja na kuchapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili ilivipeleka kwa wasomaji katika masanduku na kwa posta. Mwaka 1956 kikaundwa Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki. Mwaka 1960 S. W. Hockey, aliyetumwa kupitia British Council, aliwasilisha kwa serikali za Afrika Mashariki ripoti iliyopendekeza huduma za maktaba za umma za nchi nzima, na baada ya uhuru sheria zikafuatana: Tanganyika 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Majengo yangejengwa na vitabu vingenunuliwa. Swali likawa, nani atayaendesha majengo hayo?

Hadi mwaka 1963 hapakuwa na chuo cha ukutubi katika Kenya, Uganda wala Tanganyika. Aliyetaka kupanda kutoka usaidizi hadi ukutubi alikuwa na njia mbili: apate nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, au abaki kwenye kaunta yake na kusoma kwa posta. Somo lilikuja kwa barua, jibu likarudi kwa barua, na masahihisho yakasubiriwa. Larkin aliyasoma maktaba za Uingereza akiwa ndani ya mojawapo. Msaidizi wa Kampala au Dar es Salaam aliyasoma hayo hayo akiwa mbali na kila kilichotajwa. Alitakiwa aeleze sheria za maktaba za Uingereza tangu ile ya mwaka 1850, na jinsi kodi za mabaraza ya miji ya huko zilivyogharimia vitabu. Na tangu mitihani ya mwanzo kabisa fasihi ya Kiingereza ilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa. Fasihi ya wasomaji waliosimama mbele yake mchana kutwa haikuwamo.

Hatupendi kuidhihaki mitihani hiyo. Ilifundisha nidhamu ya kazi, na aliyeifaulu kwa taa ya jioni baada ya saa nane za kusimama alistahili kila heshima aliyopewa. Ubaya wake, kwa maoni yetu, haukuwa katika ugumu. Ulikuwa katika jambo dogo ambalo mtahiniwa hakuliona kwa urahisi: alizoeshwa kuvihesabu vitabu vya wasomaji wake kama vitu vya pembeni, vinavyotafutiwa nafasi baada ya vingine kukaa.

Tutoe mfano wa zile namba. Katika mfumo wa Dewey, lugha ziko kwenye 400. Kiingereza kimepewa 420 yote, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kitaliano 450, Kihispania 460, Kilatini 470, Kigiriki 480. Lugha nyingine zote za dunia zimesongamana ndani ya 490. Humo lugha za Afrika zimepata 496, na ukizidi kukata hadi baada ya nukta ndipo unapokifikia Kiswahili: 496.392. Ndiyo maana lebo ya kitabu cha sarufi ya Kiingereza inaweza kuwa na tarakimu tatu, na ya sarufi ya Kiswahili ikahitaji sita. Dini nazo ni hivyo hivyo. Ukristo umeenea kuanzia 220 hadi 280, na Uislamu wote uko 297. Fikirini maktaba ya Mombasa au Tanga, ambako vitabu vya fikihi na tafsiri vingeweza kujaza makabati, vyote vikijibana ndani ya namba moja pamoja na nukta zake. Msaidizi alijifunza jedwali hilo kwa ajili ya mtihani, na kesho yake akaliandika kwa mkono mgongoni mwa kitabu. Maktaba nyingi zetu za umma ziliona heri kuvitengea vitabu vya Kiswahili rafu yake, ili msomaji asilazimike kuhesabu nukta.

Majina yalikuwa na matatizo makubwa zaidi. Kanuni za kutengeneza katalogi zilizotoka Uingereza zilizoea jina la ukoo, na jina la ukoo hutangulizwa kwenye kadi. Sasa Shaaban Robert aingie droo ya S au ya R? Kwa desturi ya pwani yeye ni Shaaban bin Robert, na Robert ni baba. Msomaji haji kwenye kaunta kuomba kitabu cha Bwana Robert. Anaomba cha Shaaban. Muyaka bin Haji ukimtafuta kwenye H utakuwa umemtafuta baba yake. Na Mwana Kupona binti Msham je? Mwana ni heshima, Kupona ni jina, Msham ni baba. Mtahiniwa aliyefuata mazoea ya kitabu cha mtihani angeweza kumpeleka droo ambayo hakuna msomaji wa Lamu ambaye angeifungua. Aliyefanya kazi kwenye kaunta alijua, kwa sababu alisikia kila siku jinsi watu wanavyowaita waandishi wao. Kusoma ukiwa kazini kulikuwa na faida hii: kosa la kitabuni lilionekana mapema, mara tu msomaji aliporudi mikono mitupu.

Mwaka 1963 ndipo kilipofunguliwa East African School of Librarianship hapa Kampala, kilimani Makerere, kwa ajili ya nchi zote za eneo hili, na UNESCO ikisaidia. Wanafunzi wake wengi walitoka maktabani moja kwa moja, wakitumwa na waajiri wao na kurudi kwenye kaunta zile zile baada ya kozi. Aliyekuwa Dar es Salaam hakulazimika tena kusubiri meli ya barua. Masomo yaliendelea kwa Kiingereza, jambo linaloeleweka katika chuo kilichowapokea Waganda, Wakenya na Watanzania pamoja.

Lakini mahitaji ya kaunta yalikuwa yakibadilika haraka. Tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na katika kampeni zilizofuata maelfu ya watu waliojifunza kusoma ukubwani wakahitaji vitabu ili wasisahau walichojifunza. Maktaba za vijijini zilianzishwa kwa ajili yao. Anayewahudumia ni msaidizi, tena kwa Kiswahili kitupu: anaeleza maana ya kuazima na kurudisha, kwa nini kadi inapigwa mhuri, kwa nini kitabu hiki hakitoki nje ya chumba. Istilahi za ukutubi wa Kiswahili zilitumika kila siku mahali pale, na hakuna mtihani uliozitahini.

Mengine tuyapite upesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na East African Literature Bureau ikaenda nayo. Chuo cha Makerere kilibaki na jina lake la Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi kiliongozwa na Profesa S. A. H. Abidi. Kila nchi ilijenga vyake: Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari mwaka 1988, na mwaka uliofuata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ikafungua chuo chake cha ukutubi na nyaraka mjini Bagamoyo. Mwaka 2002 kile Chama cha Maktaba cha Uingereza kiliungana na chama kingine na kubadili jina. Wasaidizi wanaosoma huku wakifanya kazi bado wapo. Siku hizi masomo yao huja kwa intaneti au madarasa ya jioni. Mtihani bado ni wa Kiingereza.

Hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Idara za Kiswahili hufundisha somo la uundaji wa istilahi, na tumewapa wanafunzi mazoezi ya istilahi za kompyuta, sheria na tiba. Za ukutubi hatujawapa, ilhali jengo la maktaba liko umbali wa hatua mia mbili na waliomo wana maneno yao tayari. Je, wao husema katalogi au orodha? Kitabu kipya "kinasajiliwa" au "kinaingizwa"? Anayechelewesha kitabu huitwaje?

Muhula ujao wanafunzi wa mwaka wa pili watakwenda kwenye kaunta na madaftari, wawaulize wasaidizi na kuandika wanachojibiwa, si wanachotarajia kujibiwa. Tumewaongezea kazi moja ndogo: kila mmoja atengeneze kadi ya Utendi wa Mwana Kupona, kisha amwonyeshe msaidizi wa zamu na amwombe aiweke kwenye droo inayofaa. Tutachapisha matokeo katika toleo lijalo, pamoja na herufi ya kila droo.