Kibubu Hakikuanza TikTok

Nina dumu la lita tano la mafuta ya kupikia. Nimelitoboa tundu la upana wa sarafu kwenye mfuniko, na tangu Januari kila mbao inayoingia mkononi mwangu inalala humo. Sarafu ya 20 ikishafika kwangu hainunui kitu tena, hata kama nina njaa. Lengo nalijua: kamera. Ya mitumba lakini nzima, manake simu hii imechoka na ndiyo ofisi yangu.

Sasa juzi tuko barazani hapa Langoni baada ya Magharibi, kahawa inazunguka, nikawapa habari ya dumu. Jamaa mmoja akacheka mpaka kikombe kikamponyoka. "Hayo umeyatoa TikTok wewe. Sisi Waamu tangu lini tukaweka pesa kwenye dumu?"

Tangu lini? Nililala na hilo swali. Wanangu, mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha. Twendeni.

Tuanze hapo ng'ambo tu, Manda, kisiwa ambacho wageni wanashukia ndege. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamechimbua pale sarafu ya Uchina ya enzi za mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Ina tundu la mraba katikati, ya kutungwa kwenye kamba na kufungwa kiunoni. Na hiyo ni ya juzi. Ukienda Pate, kwenye magofu ya Shanga karibu na Siyu, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba miaka ya 1980 akapata visarafu vya fedha vidogo sana, vimeandikwa majina ya Kiislamu, vimefuliwa huku huku pwani zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Yaani watu wa visiwa hivi walikuwa na chenji kabla Uingereza haijawa Uingereza.

Lakini mwenye kibubu ninayempenda mimi ni wa Pemba. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu iligunduliwa akiba iliyofichwa ardhini: sarafu za fedha zaidi ya 2000, na chache za dhahabu zilizotoka nchi za Kiarabu. Ni ya karne ya 11. Hebu itafakari hiyo akiba. Sarafu 2000 hazikusanywi siku moja. Mtu ameuza, amebakisha, ameongeza, amejinyima, halafu amezifukia akiwa na nia ya kurudi. Hakurudi. Bahari, maradhi, vita, Mungu ndiye ajuaye. Sarafu za pwani yetu zilitembea hivyo: mwaka 1944 mwanajeshi mmoja alikuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, akaokota sarafu mchangani, na baadaye tano kati ya hizo zikatambulika kuwa ni za Kilwa. Chenji ya Kilwa, Australia! Na mimi nikidondosha kobole kwenye boti ya Shela nasononeka wiki nzima.

Angalia kitu kimoja kwenye hiyo akiba ya Mtambwe, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Ilikaa ardhini zaidi ya miaka 900. Waliozifua walikufa, tawala zikabadilika, na siku inafukuliwa ile fedha bado ilikuwa fedha. Ndiyo maana kwa Kiswahili fedha ni madini na fedha ni pesa, neno moja. Thamani ilikuwa ndani ya kitu chenyewe.

Wanawake wa pwani walilielewa hilo kuliko mtu yeyote. Karne ya 19 sarafu kubwa iliyotembea huku ilikuwa reale, ile ya Austria yenye picha ya Maria Theresa, gramu 28 hivi. Reale ina kioja chake: kila moja imeandikwa 1780, hata ikiwa imefuliwa miaka 100 baadaye, kwa sababu watu waliizoea ile sura na wakakataa nyingine. Mtu akipata reale za kutosha alimpelekea sonara akaziyeyusha zikawa furungu la mguuni. Hicho ni kibubu, tena unatembea nacho, kila mtu anakiona na hakuna anayekuomba umkopeshe. Shida ikija, sonara yuko. Hakuna gavana wala sultani anayeweza kutangaza asubuhi moja kwamba mguu wako hauna thamani.

Hii ya pili, pesa yetu sisi, ndiyo yenye mambo. Neno lenyewe "pesa" lilitoka India, paisa, ile shaba ndogo. Dinari ya Waarabu, hela ya Wajerumani wa Tanganyika, shilingi ya Waingereza, yote majina yaliyokuja na vyombo. Na wenye majina wakibadilika, wanabadilisha na thamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 hapa ilikuwa rupia, pesa 64 kwa rupia moja, kisha serikali ikaleta senti 100 kwa rupia. Zile senti zilikuwa na tundu katikati kama ile ya Manda, zinatungwa kwenye uzi. Ndizo zilikuwa akiba ya mtu mdogo: mchukuzi, mvuvi, mama wa vitumbua. Rupia na noti zilikuwa za wenye maduka.

Halafu ikaja 1920. Serikali ya kikoloni ikaondoa rupia ikaleta florini. Florini haijazoeleka, 1921 ikaondolewa kupisha shilingi. Pesa tatu ndani ya miaka miwili! Rupia za India zikaacha kuwa pesa halali Kenya. Na kwenye hizo pilikapilika kukawa na mpango wa kuihesabu senti ya rupia kuwa sawa na senti ya shilingi. Hesabu ni hii: rupia moja ilikuwa shilingi mbili. Ukiiita senti ya rupia senti ya shilingi, umeikata katikati. Aliyetunga senti 1000 kwenye uzi anaamka na 500, hajaibiwa na mtu, uzi hujaguswa. Wazungu wengine wenyewe waliona haya. William McGregor Ross, aliyekuwa mkuu wa idara ya kazi za umma Kenya, aliilalamikia hadithi ya zile senti kwenye kitabu chake cha 1927.

Mfikirie mvuvi wa mtaa huu aliyekuwa na rupia zake ndani ya chungu, chini ya kitanda. Nani alimfikishia habari, na kwa siku ngapi? Kama alikuwa na jahazi alipona, manake Zanzibar waliendelea na rupia hadi 1936, angezipeleka kule. Asiye na jahazi je?

Mnaona ninapoelekea. Tunapofundishwa akiba siku hizi, adui anayetajwa ni wewe mwenyewe: huna nidhamu, unapenda chipsi, unapenda bando. Kweli, nakubali, mimi chipsi zinanijua. Lakini ukisoma historia ya pwani utaona kibubu kinaliwa pia kutoka juu, na mwenyewe umelala.

Tena sio ukoloni peke yake. Uchaguzi wa 1992 pesa zilimwagwa mpaka noti ya 500 watu wakaibandika jina la Jirongo, kwa ajili ya zile kampeni za YK'92. Mwaka uliofuata bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 46 hivi. Kitu cha shilingi 100 kikawa 146. Aliyejaza kopo lake 1992 akalifungua mwisho wa 1993 alizikuta shilingi zake zote, hata moja haikupungua. Ila dukani zilikuwa zimepungua.

Mtaniambia sasa kuna simu, M-Pesa iko tangu 2007, M-Shwari tangu 2012, weka huko. Nimejaribu. Tatizo langu na akiba ya simu ni kwamba inakaa nyumba moja na Fuliza. Saa sita usiku, vidole viwili, imekwenda. Dumu angalau linapiga kelele ukilitingisha, na nyumba nzima inaamka. Na wazee wengi hapa walikwepa akiba ya benki kwa sababu ya riba, na hilo siwabishii. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba chenji yenyewe inakufa. Ukilipa kwa simu hakuna inayorudi mkononi. Kuna wiki dumu langu linapata sarafu tatu.

Basi niwaambie na ya nyumbani.

Bibi yangu alikuwa akiuza mahamri asubuhi. Sarafu za mahamri ziliingia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo lilikaa kwenye zidaka, zile za ukutani, nyuma ya sahani. Likijaa ananipa mimi nikazibadilishe dukani. Wenye maduka walinipenda sana, manake chenji ilikuwa shida na mimi naja na kilo mbili. Narudi na noti ya elfu, Bibi ananipa mbao ya safari, noti anaikunja mara nne anaitia kwenye kikopo kingine. Nikimuuliza ya nini, anasema ya sanda na chai ya msiba wake. Hakutaka siku hiyo watu wachangishane kwa ajili yake.

Tarehe 1 Juni 2019, siku ya Madaraka, Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za elfu za zamani mwisho wake ni Septemba 30. Miezi minne. Mimi nilikuwa sekondari, na nakumbuka vizuri tulivyofurahi. Tuliwacheka mafisadi wenye magunia ya pesa dari zikiwajaa. Nilisambaza vichekesho kwa kila kikundi. Muda ulipokwisha, noti kama milioni 7.4 hazikuwa zimerudi, yaani shilingi bilioni 7.4 zikawa karatasi. Tukacheka tena.

2021 kukawa na harusi nyumbani, Bibi akaniita akanipa noti mbili nikanunue mchele. Nilizikunjua njiani pale Usita wa Mui. Sikufika dukani. Nilirudi nikamuuliza ziko ngapi. Kumi na nne.

Mimi ndiye niliyezileta zile noti moja moja. Mimi ndiye niliyeenda na sarafu nikarudi na karatasi. Kama ningeziacha sarafu, zingekuwa pesa mpaka leo, ile 40 ya Kibaki ya 2003 ikiwemo. Na miezi minne yote nilikuwa na simu mkononi nacheka, zidaka iko hatua sita kutoka kitandani kwangu. Redio aliisikia, alidhani ni mambo ya watu wa Nairobi. Niliyejua ya kikopo ni mimi.

Alinitazama sana, halafu akasema, "Nilipozitia zilikuwa pesa." Akanambia nizirudishe pale pale. Ziko mpaka leo.

Kwa hivyo dumu langu nimeliandika tarehe kwa wino mzito: Desemba 31. Mbao moja kwa siku ni 7,300 kwa mwaka, siku nyingine zinaingia mbili, siku nyingine hakuna. Ikifika tarehe linapasuliwa, kamera ikitosha au isitoshe. Kama haikutosha nanunua taa na kinasa sauti, naanza dumu jipya. Sitaki kuwa kama yule wa Mtambwe.

Na kopo la Bibi tumelifufua. Kila Ijumaa naingiza nilicho nacho, yeye anaingiza cha kwake, na kila Shaaban tunalimwaga mkekani tunahesabu, hatubakishi hata kobole. Mwaka jana tulizipeleka kwa sonara. Pete nyembamba tu. Bibi aliipima kwenye kiganja, akaiuma kidogo kwa meno yaliyobaki, akaivaa. Hajaivua.