Rusumo: Mtambo mmoja, umeme wa nchi tatu

Mtambo wa Rusumo uko Mto Kagera, pale Ngara inapopakana na Rwanda. Una uwezo wa megawati 80, na makubaliano ni Tanzania, Rwanda na Burundi kugawana sawasawa: kama megawati 27 kila moja. Kwa Burundi, ambako umeme ni wa kugombania, hizo si kidogo kabisa.

Hapohapo kuna daraja na kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa 2016. Unakaguliwa mara moja tu, upande unaoingia. Una mzigo mdogo wa bidhaa za Afrika Mashariki, usiozidi dola 2,000? Omba cheti rahisi cha uasilia mpakani. Bila hicho unaweza kutozwa ushuru kama umeagiza China.