Nani Amfukuze Jaji?

Mwaka 1988, Bunge la Kenya, lililojaa wabunge wa chama tawala cha KANU peke yao, lilibadilisha Katiba na kumwezesha Rais Daniel arap Moi kumwachisha kazi jaji bila kuunda jopo la kumchunguza. Miaka miwili kabla yake, Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu walikuwa wameshavuliwa kinga kama hiyo. Aliyekagua fedha za umma, aliyeshtaki wezi na aliyewahukumu, wote sasa walikuwa kazini kwa hisani ya Ikulu.

Kinga ilirudishwa mwaka 1990 baada ya kelele nyingi. Mazoea hayakuondoka.

Muda si muda likaja sakata la Goldenberg. Kampuni ya Goldenberg International ya Kamlesh Pattni ilidai fidia ya serikali kwa kuuza nje dhahabu na almasi. Sheria iliruhusu asilimia 20. Goldenberg ikapewa 35, katika nchi isiyochimba almasi na yenye dhahabu ya kuokoteza. David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu, aliona makaratasi ya malipo yaliyopita mezani pake hayaingii akilini, na habari zikawafikia wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 akakamatwa yeye, akashtakiwa, akapoteza kazi. Chama cha Mawakili kilipojaribu kuwashtaki wahusika chenyewe, mahakama ilikikatalia. Mabilioni ya shilingi yalikuwa yameshakwenda.

Serikali ya Mwai Kibaki iliingia na fagio. Mwaka 2003 kamati ya Jaji Aaron Ringera iliwataja majaji 23 na mahakimu 82 kwa tuhuma za rushwa na utovu wa maadili. Wananchi walishangilia, lakini majina yalikuwa magazetini kabla wenyewe hawajasikilizwa, na wengi waliamua kujiuzulu kuliko kukabili jopo. Fagio lilikuwa bado mkononi mwa wanasiasa.

Katiba ya Agosti 2010 ndiyo iliyolichukua. Tangu hapo Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji hadharani wanaotaka ujaji, na jaji haondolewi ila kupitia tume hiyo, kisha jopo maalumu. Utaratibu huo ulipimwa na Goldenberg ileile: mwaka 2013 Jaji Joseph Mutava alizima mashtaka dhidi ya Pattni. Jopo likamsikiliza na kupendekeza aondolewe, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nalo.

Ikulu haikuachia kamba yote. Rais Uhuru Kenyatta alikaa takriban miaka miwili na orodha ya majaji iliyopendekezwa na tume, kisha mwaka 2021 akawateua wengine na kuwaacha sita. Hao sita waliapishwa Septemba 2022, William Ruto alipoingia madarakani.

Hata hivyo, majaji walikuwa wameanza kutoa maamuzi yenye meno. Mwaka 2019 Gavana Moses Lenolkulal wa Samburu alishtakiwa kwamba kaunti yake ilinunua mafuta ya magari kwenye kituo chake mwenyewe, kwa zaidi ya shilingi milioni 80. Aliomba aruhusiwe kurudi ofisini akiwa nje kwa dhamana. Jaji Mumbi Ngugi alikataa, na uamuzi huo ukawagusa magavana wengine waliokabiliwa na mashtaka. Agosti 2024 Lenolkulal alipatikana na hatia.