Nani anachaguaka pa kulala? Historia fupi ya kambi ku njia ya Kasindi



Wiki iliyopita mwenzetu mmoja wa Ulaya alitutumia picha ya gari-nyumba. Kitanda ndani, jiko ndani, choo ndani. Mtu anaendesha mchana, jioni anasimama pale moyo wake unapenda, analala. Akauliza: "Kama mungepewa hii gari, mungeenda kulala wapi, na kwa nini?" Majibu ikakuja mingi. Mmoja akataja Ishango juu ya ziwa na viboko. Mwingine Mutwanga, juu ya baridi na maji ya Ruwenzori. Mimi nikaandika kwa kucheka tu: "Kasindi tuko nazo tayari, zimejipanga ku parking."

Watu wakacheka. Lakini baadaye nikaona ile swali si ya kucheka. Kulala njiani, na kuchagua mahali pa kulala, iko na historia ndefu kwetu huku. Na ile historia inatuambia kitu juu ya maisha yetu ya leo. Munivumilie, mimi ni mtu wa agronomia, si mwanahistoria.

Tuanzie Ishango yenyewe, pale mto Semliki unatoka katika Ziwa Edouard. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale, akapata kijiti cha mfupa chenye mistari iliyokatwa kwa vikundi. Njo ule mfupa wa Ishango ambao walimu wa hesabu wanapenda kutaja, uko Bruxelles mpaka leo. Umri wake unakadiriwa miaka 20.000 hivi. Sisi wote tunakumbuka mfupa, lakini tunasahau kitu kingine kilichotoka katika ule udongo: vichokoo vya mfupa vya kuchomea samaki, na mabaki ya samaki wenyewe. Maana yake wale watu walipiga kambi pale juu ya chakula. Walikuwa na akili sawa na mvuvi wa Kyavinyonge wa leo: unalala karibu na samaki.

Halafu kuna chumvi. Ngʼambo ya mpaka, upande wa Uganda, kuna ziwa dogo la Katwe lenye chumvi. Mbele ya wazungu kufika, chumvi ya Katwe ilitembea mbali. Wayira wa milima ya Mitumba, babu zetu, walishuka kutafuta chumvi, wakavuka bonde la Semliki, wakapanda tena na mizigo. Hakuna mtu anafanya ile safari kwa siku moja. Kwa hiyo walilalaka njiani. Hapakuwa mpaka, hapakuwa dwani. Mtu wa mizigo alichagua mahali kwa sababu ambazo hata mimi ningechagua: maji karibu, kuni karibu, simba mbali, na watu unaosikilizana nao lugha.

Mwaka 1889 Stanley alipita hapa pamoja na Emin Pasha, wakitoka Ziwa Albert kwenda pwani. Walifuata bonde la Semliki chini ya Ruwenzori mpaka Katwe. Ziwa letu akaliita kwa jina la mtoto wa malkia wa Uingereza. Lakini angalieni kambi yake: mamia ya watu, na anayeamua "leo tunalala hapa" ni mmoja. Wapagazi wanatua mzigo pale wameambiwa. Kwangu mimi, pale njo historia inageuka. Kuchagua pa kulala kukaanza kuwa kazi ya bwana.

Magari yakakuja. Mwaka 1924 na 1925 Haardt na Audouin-Dubreuil, watu wa Citroën, walivuka Afrika na magari nane yenye minyororo nyuma badala ya magurudumu. Walipita Kongo ya Wabelgiji, wakagawanyika Kampala. Miaka ya 1930 Mmarekani Patrick Putnam akajenga kambi yake ku mto Epulu, katika pori la Ituri. Wasafiri walilala pale, wakaona Wambuti na okapi. Aliishi pale mpaka kufa kwake mwaka 1953.

Lakini yule aliyenishangaza ni Attilio Gatti. Huyu alikuwa Mwitaliano aliyehamia Marekani, mpenda pori la Ituri. Mwaka 1938 alirudi Kongo pamoja na mke wake Ellen, na magari mawili makubwa ya International Harvester, kila moja likivuta nyumba nyuma. Michoro ilifanywa na Alexis de Sakhnoffsky, fundi mwenye jina katika magari ya kitajiri. Zile nyumba mbili zikiunganishwa zilifanya makao ya vyumba vitano: saluni, jiko, chumba cha kulala, bafu. Umeme ulikuwamo, hata mashine ya kupoza hewa. Waliziita yoti za porini, kama vile mashua ya tajiri. Ndugu zangu, mwaka 1938! Leo 2020 na kitu, mimi ninachaji simu kwa jirani. Na mwaka 1947 hadi 1948 Gatti akarudi Afrika Mashariki na safari nyingine, mara hii na mashine za redio za kampuni ya Hallicrafters ya Chicago. Shabaha waliyoitangaza ilikuwa Milima ya Mwezi, njo kusema Ruwenzori yetu, ile tunaona asubuhi ku Kasindi kama mawingu hayajashuka.

Kwa nini Gatti alichagua kulala huku? Juu ya mnyama, juu ya picha, juu ya vitabu vya kuuzisha Marekani. Simlaumu. Lakini wakati uleule, Mkongomani aliyetaka kuondoka chefferie yake kwa muda mrefu alihitaji karatasi ya ruhusa. Mgeni na nyumba yake ya magurudumu anasimama pale anapenda. Mwenyeji na mkeka wake anaulizwa: "Karatasi iko wapi?"

Na udongo pia ulifungwa. Parc Albert ilianzishwa mwaka 1925 kwa volkano na ngagi, ikapanuliwa, na mwaka 1935 mipaka yake ilikuwa imefika Semliki na Ruwenzori. Sisemi park ni mbaya. Bila ile park, samaki wa Ziwa Edouard wangekwisha zamani, kila agronome anajua ile hesabu. Ninasema tu kwamba mahali pa kulala pa watu wengine pakakuwa mahali pa kutalii pa watu wengine. Rwindi ikapata hoteli ya watalii. Wavuvi wakabaki na vijiji vinavyoruhusiwa: Vitshumbi, Nyakakoma, Kyavinyonge.

Wazazi wetu wanakumbuka tena miaka ya 1970 na 1980, wakati wa Zaïre. Kulikuwa malori ya kampuni za Uingereza, vijana wazungu wameketi nyuma, wametoka Sahara, Bangui, Kisangani, Epulu, wanashuka Beni kuelekea Nairobi. Walipiga hema karibu na misioni, karibu na mto. Vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata vikakata ile njia.

Sasa nifike ku parking ya Kasindi, juu nilicheka nayo, na ninapaswa kulipa kile kicheko.

Mwaka 2019, wakati wa Ebola, kunawa mikono kila baryere, kupimwa joto kila baryere, nilisindikiza mujomba wangu kupokea bidhaa zake kutoka Kampala. Karatasi moja ilikosa. Tukalala usiku tatu chini ya kamio, juu ya kartoni. Kando yetu kulikuwa shofere mzee wa Mombasa. Ndani ya kabini yake kulikuwa godoro, chandarua, jiko dogo ya mafuta, picha ya wajukuu. Nyumba kamili. Nikamuuliza:

"Baba, wewe unachaguaka aje pa kusimama?"

Akanijibu na Kiswahili chake cha pwani: "Kijana, kwanza taa. Gizani watakufyonza mafuta yote. Pili, pasiwe na mteremko, ukilala kichwa chini unaamka na maumivu. Tatu, awepo mama wa chai karibu, maana yeye ndiye anajua kila kitu kabla ya askari."

"Na kama ungeweza kuchagua kabisa?"

Akanyamaza kidogo. "Ningechagua nyumbani."

Pale njo nilielewa tofauti. Gari-nyumba na kabini ya kamio ni kitu kimoja: kitanda, jiko, magurudumu. Kinachotenganisha ni swali moja tu: uko pale juu umependa, ao juu hauna namna?

Na sasa upande wa kazi yangu. Katika Watalinga, Mutwanga na kando ya Beni, wakulima wa kakao walikuwaka na kambi za shamba. Wakati wa mavuno familia inahamia kule wiki nzima, wanajenga kibanda, wanapika, watoto wanacheza. Ilikuwa kazi, lakini muulize yeyote aliyekulia kule: ilikuwa pia furaha, njo likizo yetu sisi. Na kakao inaomba ile kulala. Mbegu inakaa katika kasha siku tano ao sita ili ivunde vizuri, inageuzwa, halafu inaanikwa siku kadhaa. Lazima mtu akuwe pale.

Tangu mauaji yalipoanza mwaka 2014, wengi hawawezi tena kulala ku shamba. Wanaenda asubuhi, wanakata haraka, wanarudi mbele ya jua kushuka, kama wanarudi. Kakao haivundi vizuri. Wengine wanauza mbichi kwa bei ya chini kwa yule aliye na gari na mahali salama. Watu wanasema "kakao ya Beni imeharibika", wanatafuta ugonjwa, wanatafuta mbegu. Sisi ba-agronome tunaandika mémoire juu ya ubora wa mbegu. Lakini sehemu ya ubora imepotea usiku, juu mkulima hana ruhusa ya kulala karibu na kasha yake. Hiyo haitibiwi na dawa ya mimea.

Kwa hiyo, mwenzangu wa Ulaya, nakujibu sasa bila kucheka. Kama nikipewa ile gari, sitaenda Ishango wala Mutwanga kwanza. Nitaipeleka ku shamba la baba yangu, nitaisimamisha kando ya makasha ya kakao, nitafungua mlango wakati wa usiku, na nitalala usiku sita bila kusikiliza nyayo. Siku ile itawezekana, nitajua amani imefika kweli, hata mbele redio haijatangaza.

Na wewe unayesoma, mahali gani ulilalaka zamani na leo huwezi kulala? Andika hapa chini, jina la kijiji tu linatosha. Tusiache hii historia ipotee.